Mananasi ya Katikati

Mama Assiba hakushuka kwenye pikipiki. Alimwambia dereva wake apunguze mwendo, akalitazama shamba toka pembe hii hadi pembe ile kama mtu anayepita kwenye mitumba asiyokusudia kuinunua, kisha akataja bei yake.

“Laki tatu na nusu. Shamba zima, kama lilivyo.”

Kpossou alikuwa amesimama ukingoni na panga mkononi. Mkewe, Dossi, alikuwa ameinama kando ya njia aking’oa magugu. Wote wawili waliinua vichwa.

“Mama, hujaingia hata ndani,” Kpossou alisema.

“Niingie nikafanye nini? Nimeanza kununua mananasi hapa Zè wewe ukiwa bado unatambaa. Jicho langu ndiyo mizani yangu.” Aliukung’uta ukosi wa gauni lake ingawa halikuwa na vumbi. “Halafu nasikia baba mkwe wako ametutoka. Poleni sana. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo, siyo? Na yule mkwe mwenzako wa Bohicon, muuza mabati, naambiwa ameshakodi watu wa tarumbeta.”

Habari za tarumbeta Kpossou alikuwa amezipata tangu juzi, na tangu juzi alikuwa hapati usingizi wa maana.

“Taslimu,” Mama Assiba alisema. “Fikirieni. Nitarudi na kuti langu.”

Pikipiki iliondoka. Kuti alilolisema ni kuti changa la mchikichi. Mnunuzi na mkulima wakishakubaliana, hulifunga kwenye mti wa pembeni mwa shamba, na kuanzia hapo hakuna mnunuzi mwingine atakayekanyaga pale, hata akija na gunia la pesa. Wengi wamewahi kujuta baada ya kuti kufungwa. Hakuna aliyewahi kulifungua.

*

“Tumpe,” Kpossou alisema wakati wa chakula. Alikuwa ameukoroga unga wake wa muhogo uliokaangwa kwenye maji mpaka ukawa uji, na alikuwa hajautia mdomoni.

“Tumpe, halafu?”

“Halafu tumzike baba yako kama watu.”

“Na kodi ya ardhi?”

Hapo ndipo penye mwiba. Ardhi ile si yao. Mwenyewe alikuwa amekwisha kutuma salamu kwamba mavuno haya yakitoka anataka laki mbili za kodi mpya, la sivyo kuna mtu wa Cotonou anayeipigia jicho. Mchango wa mazishi wa mkwe mwenye kujiheshimu ungekula zaidi ya nusu ya pesa ya Mama Assiba: kitambaa kizima cha kumfunika marehemu, pombe, ngoma, chakula cha waimbaji. Kitakachobaki hakingefika laki mbili hata kikivutwa kwa ng’ombe. Na bila ardhi, Kpossou angerudi kule alikotoka, kulima mashamba ya watu kwa kibarua, akiitwa “wewe” na watoto wa wenye mashamba.

“Aliyekufa ni baba yangu,” Dossi alisema. “Kama kuna wa kulilia kitambaa, ni mimi.”

“Baba ni wako. Lakini jina litakaloitwa mbele ya watu ni langu. ‘Mkwe wa Zè, umeleta nini?’ Nitasimama niseme nimeleta nini, Dossi? Mkono mtupu haulambwi.”

Dossi alimwonea huruma, maana alimjua. Kpossou aliweza kubeba njaa na aliweza kubeba jua, lakini kuchekwa hakukuweza.

“Kiwanda cha maji ya matunda pale Allada kinanunua kwa kilo,” Dossi alisema. “Faranga mia na ishirini kila kilo.”

“Tumeshalizungumza hilo. Yule Léontine wao hatumi lori mpaka umtajie uzito. Ukitaja, lori likaja likaondoka na mzigo pungufu, gharama ya lori unalipa wewe. Nani anaujua uzito wa nanasi ambalo bado liko kwenye shina lake?”

“Fundi aliyenishonea gauni la harusi hakunichinja ndipo ajue litakula kitambaa kiasi gani.”

Kpossou alicheka bila kutaka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

“Nanasi lina kiuno na lina kimo,” Dossi alisema. “Nipe siku chache. Wewe na Mama Assiba wako mtanikuta hapahapa.”

*

Alianza kwa kukata mananasi machache, makubwa, ya kati na madogo. Aliyatoa vishungi, kwa kuwa kiwanda hakinunui majani, akayatundika moja moja kwenye mizani ya ndoano aliyoazima kwa mwanamke auzaye samaki wakavu. Kila moja alilizungushia uzi kiunoni na kulisimamishia kijiti ubavuni. Kiuno cha nanasi la kilo moja alikitia fundo kwenye uzi. La kilo na robo, fundo la pili. La kilo na nusu, la tatu. Kwenye kijiti alichonga alama za vimo. Kisha alijijaribu: alipima lililo shinani, akasema uzito wake kwa sauti, akalikata, akalitundika. Mara mbili alikosea sana, maana nanasi fupi nene humdanganya mtu asiyetazama kimo. Akarekebisha mafundo yake. Baada ya hapo, tofauti ikawa ndogo kuliko yai la kuku.

Aliporidhika aliacha kukata, akaanza kupita shambani akipima na kuacha. Watu wa Zè nao si watu wa kupitwa na jambo.

“Dossi!” jirani mmoja alimwita toka barabarani. “Unayashonea mananasi suruali?”

“Ndiyo, kaka. Na yako nikipata nafasi nitakushonea bure. Hiyo uliyovaa imeshaomba kupumzika.”

Wanawake waliokuwa na ndoo za maji walicheka mpaka maji yakamwagika. Jirani aliitazama suruali yake, akaenda zake.

Aliupata wastani wa uzito wa nanasi moja, akauzidisha kwa idadi ya mashina, ambayo Kpossou aliijua kwa kuwa ndiye aliyeyapanda, akapata tani saba. Alirudia hesabu kwa kokoto, ikatoka ileile. Furaha ilimpanda mpaka kooni. Hata vumbi la miguuni hakulinawa. Alipanda pikipiki ya kukodi mpaka Allada.

Léontine, mkuu wa manunuzi pale kiwandani, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na muda wa kupoteza.

“Tani saba? Umezipima wapi na hujavuna?”

“Shambani. Kwa uzi na kijiti.”

“Nimeletewa tani za ndoto, nimeletewa tani za mganga. Za uzi ndiyo mara ya kwanza.” Alichukua chaki. “Neno lako?”

“Neno langu.”

Léontine akaandika ubaoni: Zè, tani saba, lori kubwa, Jumanne baada ya mazishi. Mapema zaidi hakukuwa na nafasi, hata Dossi alipomweleza juu ya msiba.

*

Kpossou alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, na alipousikia ule uzito alikaa chini kabisa. Kisha uso wake ukabadilika pole pole.

“Ulipima yapi?”

“Ya kwenye mistari ya ukingoni. Ya huku njiani, na ya kule upande wa mfereji.”

“Ndani hukuingia?”

“Ndani majani yanachanja miguu. Na mananasi ni yaleyale, tuliyapanda siku moja.”

“Mama wee,” Kpossou alisema, akashika kichwa. Dossi alidhani atacheka. Hakucheka. “Ya kando hayabanwi. Yanapata jua na nafasi, yananenepa. Ya katikati yanalala kama watoto wanane kwenye mkeka mmoja, kila mmoja anavuta shuka. Umepima watoto wa mlangoni, Dossi. Walio ndani hujawaona.”

Kosa hilo mtu wa kiwandani asingelijua wala Mama Assiba asingelieleza, lakini mke wa mkulima wa mananasi kulifanya ilikuwa aibu. Na neno lake lilikuwa limeandikwa kwa chaki mahali ambapo kila mtu anapita.

“Basi tuingie,” Dossi alisema.

“Sasa hivi?”

“Jua bado lipo.”

Kpossou alimtazama, akachukua kijiti. Waliingia pamoja hadi mahali ambapo barabara haionekani tena. Yeye alisimamisha kijiti, mkewe alizungusha uzi, na nanasi baada ya nanasi uzi uligusana kabla ya kulifikia fundo la pili. Majani yaliwachora miguu mpaka damu ikatoka. Kila kimo kilichopungua kilimwingia Dossi kama tusi, lakini hakuruka hata kimoja. Hata lile lililoumwa na panya alilipima.

“Hili liache, litatuvunja moyo,” Kpossou alisema.

“Mizani haitaliacha.”

Safari hii walipima kila upande kwa kadiri yake, kando kidogo na katikati kwingi, kwa sababu ndivyo shamba lenyewe lilivyo. Ilitoka tani tano.

“Bado ni laki sita,” Kpossou alinong’ona, kama mtu anayeogopa pesa isimsikie ikakimbia. Kisha akakumbuka. “Lakini ulishasema saba.”

“Nitakwenda kusema tano.”

“Watakucheka.”

“Wanicheke leo kwa mdomo. Wakinicheka siku ya lori, watanicheka kwa pesa yangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.”

Walimcheka kweli. Pale kiwandani wanawake wamenyaji wa mananasi walikuwa wamekaa kwenye mstari mrefu na visu vyao, na Léontine hakupunguza sauti.

“Saba imezaa tano? Hiyo mimba iliharibika njiani?”

Kicheko kilikwenda toka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kikarudi. Dossi alisimama katikati yake. Alitamani ardhi ipasuke, lakini hakuondoka.

“Nilipima ya kandoni tu,” alisema. “Nikarudi nikapima ya katikati. Ni tano. Sitaki uniamini kwa mdomo, nataka lori lije.”

Léontine aliacha kucheka. Alimtazama juu ya miwani, akaitazama miguu yake iliyochanjwachanjwa. Akafuta saba.

“Lori dogo, basi. Lakini lina nafasi Alhamisi, siyo Jumanne. Na mama, ikishuka tena usije. Nitumie salamu tu.”

*

Mama Assiba alirudi Ijumaa, mkesha wa mazishi. Safari hii alishuka. Mkono mmoja ulishika kuti changa, mwingine ulishika bahasha nene. Aliiweka bahasha juu ya jiwe la kunolea panga, mahali ambapo Kpossou hakuweza kuacha kuiona.

“Laki nne na ishirini,” alisema. “Msiseme sina utu. Duka la vitambaa halijafungwa. Ukiwahi, mkwe, kesho unasimama na kitambaa kizima, na pombe juu.”

Dossi alikuwa amekaa kizingitini. Alijua kwamba neno lake likitangulia, mumewe angejutia uamuzi usio wake maisha yake yote. Akanyamaza, na kunyamaza kule kulimgharimu kuliko kicheko cha Allada.

Kpossou aliitazama bahasha. Aliona kitambaa kimekunjuliwa mbele ya watu. Alisikia jina lake likiitwa na yeye akiitika kwa sauti ya juu. Kisha akajitazama miguuni, akaona michubuko ya majani ya katikati bado haijakauka.

“Mama,” alisema, “wiki iliyopita jicho lako liliona laki tatu na nusu.”

“Ndiyo.”

“Leo limeona laki nne na ishirini. Mananasi hayajahama. Kimebadilika nini?”

“Nimekuonea huruma, mwanangu.”

“Ingia basi ndani tuone pamoja. Twende katikati. Nikuzungushie uzi uone mwenyewe.”

“Mimi? Niingie kwenye miiba na viatu hivi?” Mama Assiba aliinua bahasha yake. Hakuwa na hasira bado, alikuwa na mshangao wa mtu aliyezoea. “Kesho utakwenda msibani na nini? Na huo uzi? Utamfunika marehemu kwa uzi?”

Neno hilo lilimpata. Kpossou aliyumba kama aliyesukumwa. Lakini mikono yake aliiweka nyuma, akaishika yenyewe kwa yenyewe, mpaka pikipiki ikaondoka. Kuti lilibaki limetupwa barabarani. Mbuzi akaja akalila.

“Nimefanya nini, Dossi?” aliuliza.

“Umefanya lililobidi,” mkewe alisema, akainuka akamshika bega.

*

Walichokuwa nacho ndani kilitosha nusu ya kitambaa na chupa mbili za pombe ya mchikichi.

Msibani, mkwe wa Bohicon alifika kwa magari mawili. Tarumbeta zake zilianza kulia kabla hajashuka, na waimbaji wake walikuwa wamevaa sare. Uani, shangazi yake Dossi ndiye aliyepokea vitambaa. Alikuwa akivikunjua mbele ya halaiki na kuvipima toka ncha ya vidole hadi kifuani, mkono baada ya mkono, akihesabu kwa sauti. Cha muuza mabati kilipimwa mpaka watu wakapiga vigelegele.

“Mkwe wa Zè! Umeleta nini?”

Kpossou alisimama na kutoa alichonacho. Shangazi akakunjua, akapima, akapima, na kitambaa kikaisha ghafla mkononi mwake. Akageuza, akatazama nyuma yake, kana kwamba kipande kingine kimeanguka.

“Kimekatikia wapi hiki?”

Watu walicheka. Waimbaji wa Bohicon, ambao kazi yao ni hiyo, hawakukawia kutunga wimbo:

*Mkwe wa Zè kaleta leso,*
*marehemu afute jasho!*

“Nusu nyingine iko shambani,” Kpossou alisema.

“Iko shambani inafanya nini? Inaota?” mmoja alipaza sauti, na watu uani wakaangua kicheko.

Dossi alilia. Alimlilia baba yake, aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda sokoni, na alimlilia mumewe, aliyesimama pale bila kukimbia. Machozi yalikuwa mamoja. Mama yake, Nan Agossi, alikuwa ameketi na wajane wenzake. Hakucheka. Nusu ile ya kitambaa ilipelekwa ndani pamoja na vingine, mzee akafunikwa, akazikwa.

*

Alhamisi lori dogo lilikuja. Walivuna tangu alfajiri wakisaidiwa na majirani, yule wa suruali akiwa wa kwanza kufika. Kpossou hakutaka kuanza na ya kandoni. “Tuanze katikati,” alisema, “tujue mapema kama tunakufa.”

Kiwandani kreti zilipita juu ya mizani moja moja. Dossi hakuweza kutazama, alisimama amegeukia ukuta. Kpossou ndiye aliyetazama, midomo yake ikicheza bila sauti. Kreti ya mwisho ilipopita, Léontine alijumlisha, akajumlisha tena.

“Tani tano kasoro kilo arobaini.”

“Kasoro?” Dossi aligeuka.

“Mama, mimi huletewa kasoro ya tani. Kilo arobaini ni mate mliyomeza mkivuna.” Alivua miwani akaifuta. “Gharama ya lori hamdaiwi. Na huo uzi wako, mwakani njoo nao. Wapo wengi wa kufundishwa hapa.”

Wamenyaji walikuwa wamesikia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kpossou alikwenda kwanza kwa mwenye ardhi, akaweka laki mbili mkononi mwake na kuhakikisha zimehesabiwa mbele ya shahidi. Baada ya hapo tu ndipo alipoingia duka la vitambaa. Muuzaji alimwambia ule mtindo wa siku ile umebaki kipande kimoja.

“Nusu?” Kpossou aliuliza.

“Nusu kamili.”

*

Hakukuwa na tarumbeta siku walipofika kwa Nan Agossi. Viti vya kukodi vilikuwa vimerudishwa, na kuku walikuwa wakiparua pale palipokuwa na ngoma. Bibi alikuwa peke yake uani akivunja kokwa za mchikichi kwa jiwe.

Kpossou alipiga magoti, akaweka kifurushi mbele yake.

“Mama, ni ile nusu nyingine.”

Nan Agossi alifuta mikono kwenye nguo yake ya eda. Alikunjua, akapima toka ncha ya vidole hadi kifuani, mkono baada ya mkono, bila haraka, akihesabu kama walivyohesabiwa wengine. Akafika mwisho.

“Kimetimia.”

“Nimechelewa, mama.”

“Umechelewa sana. Mwenyewe ameshafunikwa, ameshalala. Yule hasikii tena baridi.”

Kpossou aliinamisha kichwa.

Bibi alijiinua kwa kushika bega la mkwewe. Alijizungushia kitambaa kile mwilini, juu ya nguo ya eda, mara moja, mara mbili, akautafuta mwisho wake kwa vidole.

“Mimi niliyebaki ndiye ninayesikia,” alisema. “Dossi, njoo unifunge fundo. Likaze.”